Nilivyoijaribu baiskeli ya resi kabla sijatoa hela

Mimi nilikuwa naendesha baiskeli ya mauntini, ile ya matairi mapana, ya mtumba kutoka Japani, kazini nayo, sokoni nayo, na sina baya la kuisema. Ila Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli yalivyofanyika Kigali, mara ya kwanza kuletwa Afrika, nikawaangalia wale wadada wanavyoupanda mlima wa Kimihurura wenye barabara ya mawe, basi sikulala vizuri. Nikaanza kutafuta baiskeli ya resi ya kwanza maishani mwangu, zile zenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo.

Sasa huku Arusha nyingi nilizoziona ni mtumba wa Ulaya, na unaona kabisa aliyekuwa anaiendesha ni mwanaume mrefu. Mimi nina sentimita 162. Fremu za baiskeli hizi, yani kiunzi chake, zinapimwa kwa sentimita, unakuta 56, 58, hata 60, na muuzaji anakwambia "dada utaizoea tu, tunashusha siti". Hapana jamani. Kushusha siti kunasaidia miguu, mikono haisaidii chochote, kwa sababu usukani unabaki kulekule mbali ulipo. Na hiyo namba yenyewe ni pa kuanzia tu, 52 ya kampuni hii na 52 ya kampuni ile hazilingani, ndo maana lazima uipande.

Nikapata kaka mmoja Sakina ana mbili zilizonivutia. Moja fremu 54 ya kaboni, gia za Shimano 105, inang'aa, anataka laki tisa. Nyingine 50 ya alumini, gia za Shimano Sora ambazo ni daraja la chini kuliko 105, rangi imechubuka, laki sita na nusu. Akaniambia zunguka nayo hapo uani uisikilizie. Nikamwambia kaka, uani kila baiskeli ni nzuri, mimi nataka kwenda nayo mpaka kilimani na kurudi. Akasita, na namwelewa, hanijui. Tukakubaliana namtumia laki mbili kwa M-Pesa kama dhamana na namwachia kitambulisho cha NIDA, nikirudisha ilivyo ananirudishia hela, na tukaandika kwenye karatasi. Nilienda pia na mzee wangu mmoja fundi baiskeli anayenitengenezea siku zote, yeye akanifuata nyuma na bodaboda.

Kabla ya kupanda tulichukua muda kweli, na hapa ndo watu wengi wanaharakisha. Baiskeli ambayo haijakaa kwenye vipimo vyako huijaribu, unateseka tu. Tulianza na upepo, maana tairi hizi nyembamba zikiwa laini baiskeli inaonekana nzito bure, na valvu yake ni ile nyembamba ambayo pampu ya mtaani haiingii bila adapta, kwahiyo nenda na adapta yako. Halafu siti: unakaa, unaweka kisigino juu ya pedeli ikiwa chini kabisa, mguu unatakiwa unyooke bila kiuno kuyumba. Pedeli zao zilikuwa za kunasa viatu maalumu, nikafunga za kwangu nilizozitoa kwenye mauntini, mkao wa nati ni uleule, ila kumbuka ya kushoto inafunguka kinyume. Mzee aliniambia "mwanangu usijaribu vitu viwili vipya kwa wakati mmoja", na nilimshukuru sana baadaye.

Kitu kingine, breki. Baiskeli yangu ya Japani mkono wa kulia ndo breki ya mbele. Hizi za Ulaya bara zilikuwa kinyume, mbele ni kushoto. Ukiminya ghafla kwenye mteremko bila kujua hilo unaweza kupitiliza juu ya usukani, kwahiyo nilienda taratibu nikiminya mmojammoja mpaka mkono ukajua wenyewe.

Nikaanza na ile ya 54. Nisidanganye, kwenye tambarare ilikuwa tamu, nyepesi, ukikanyaga inaitika papo hapo. Lakini tulivyoanza kupanda kuelekea Ngaramtoni mambo yakajionyesha. Meno ya gia za mbele yalikuwa 53 na 39, gia ya nyuma kubwa kabisa ni meno 25, yani gia ya mtu mwenye miguu ya mashindano, nilikuwa nasimama juu ya pedeli mahali ambapo nilitakiwa nimekaa. Viwiko vimenyooka kama nasukuma ukuta, shingo imekaza, na baada ya kama dakika ishirini vidole vidogo vikaanza ganzi. Wakati wa kushuka ndo ikaniogopesha kabisa, nikishika usukani sehemu ya chini vidole vinafika kwenye breki kwa ncha tu, na pale kuna matuta na daladala zinasimama popote. Ningeijaribu dakika tano uani nisingeyaona haya yote, na maumivu ya mikono hayaji mapema, ndo maana nasema usishuke chini ya nusu saa.

Ile ya fremu 50 ilikuwa kitu kingine. Meno ya mbele 50 na 34, nyuma mpaka 32, yani gia nyepesi zaidi, nikapanda kilima kilekile nimekaa, viwiko vimelegea, naongea na mzee kwenye bodaboda. Mikono ya breki ilikuwa mbali kidogo lakini ina skrubu ndogo ya kuisogeza karibu, mzee akaizungusha pale pale barabarani, vidole viwili vikatosha kusimamisha. Kitu nilichokigundua ni kwamba nikikata kona kali kwa mwendo mdogo sana ncha ya kiatu inagusa tairi la mbele. Fremu ndogo zenye matairi makubwa mara nyingi ziko hivyo, ukiwa kwenye mwendo haitokei, nikaona naweza kuishi nayo.

Ila kwenye kilima nikikanyaga kwa nguvu cheni ilikuwa inaruka. Tuliporudi mzee akatoa rula yake ya inchi, akaiweka kwenye pini moja ya cheni akahesabu mpaka ya 24 mbele yake. Cheni isiyochakaa hapo inatakiwa ifike inchi 12 kamili, ikizidi kwa moja ya kumi na sita ibadilishwe, ikifika moja ya nane ujue na meno ya nyuma yamekwenda. Hii ilikuwa imepita kipimo cha kwanza, cha pili bado. Akazungusha matairi akiangalia kama rimu zinayumba, akashika usukani akavuta breki ya mbele na kuisukuma baiskeli asikie kama beringi za shingo zinacheza. Ile ya kaboni aliipitia na tochi, akasema haina ufa, lakini akanionya kaboni ikipasuka hakuna wa kuichomelea kwenye karakana za welding.

Nikamwambia yule kaka cheni imeisha, nikamwonyesha kwenye rula, hakubisha, akashuka mpaka laki sita na ile dhamana tukaihesabu humo humo. Mzee akazungusha tepu ya umeme kwenye bomba la siti pale urefu wangu ulipo, ili hata nikimwazima mtu baiskeli nairudisha siti pale pale bila kubahatisha.

Nimebadilisha cheni na matairi, yalikuwa ya upana wa milimita 23, magumu kama mbao, nimeweka ya 28 baada ya mzee kupima kama breki zina nafasi, na kwa mabega ya barabara zetu tofauti ni kubwa mno. Kilichobaki ni stemu, kile kipande kinachoushika usukani, niliyonayo ina urefu wa milimita 90 na nataka ya 80 ili usukani unisogelee kidogo zaidi, kipenyo cha usukani ni milimita 31.8, kama unayo na uko Arusha au Moshi nipo tayari kuinunua.