Kufufua taa za kuchaji kwa seli za laptopu: kumbukumbu ya mradi wangu, Lubumbashi

Mwezi wa tatu, mwisho mwisho

Nimeanza rasmi. Mradi wenyewe ni huu: zile taa za plastiki za kuchaji zinazouzwa kila kona hapa Lubumbashi, zikikufa nazifungua, natoa batri ya ndani, naweka seli zilizotoka mu batri za laptopu ambazo watu wanasema zimekufa, kisha nafunga taa kwa visi (skrubu), sio kwa gundi. Ni hivyo tu. Sio biashara, nafanya ju napenda kufungua vitu na ju inaniuma sana kuona mali nzima inatupwa mu mifereji.

Nieleze kwanza hizo taa zinakufa namna gani, maana wengi hawajui na wanalaumu LED, vile vitaa vidogo vya ndani. Unanunua taa, mwanzoni inawaka usiku kucha, baadaye masaa matatu, baadaye nusu saa, mwisho ukichomoa tu ku umeme inazima palepale. LED ziko nzima kabisa! Kilichokufa ni kabatri kadogo ka risasi (ile madini nzito, sio ya bunduki) ka volti 4, na batri ya risasi haitaki kukaa bila chaji. Ukiiacha tupu, risasi na asidi zinafanya chumvi nyeupe juu ya zile sahani za ndani, na hiyo chumvi ikishakomaa ikawa ngumu hairudi tena hata uchaji mwezi mzima. Sasa angalia kwetu umeme unaenda siku mbili, siku tatu, mtaa mwingine hata wiki, yaani taa imetengenezwa kwa ajili ya watu wenye kukosa umeme halafu ndani wamewekea batri isiyovumilia kukosa umeme. Mtu alikaa ku meza akachora hiyo kitu, akaona ni sawa, ikapakiwa kwa makontena. Hiyo njo ilinisukuma nianze.

Halafu gamba lake limegandishwa na gundi. Visi vine havina bei kabisa, lakini kwa gundi mwenye taa hana pa kuingilia, lazima anunue ingine.

Mwezi wa nne

Nimepata seli. Kuko fundi mmoja wa makompyuta pale soko Kenya, soko la hapa hapa Lubumbashi, mtu mzima, anatengeneza laptopu za okazyo, yaani zilizokwisha tumika, zinazokuja kutoka Ulaya na Dubai. Chini ya meza yake kulikuwa katoni imejaa batri.

– Papa, hizi unazifanyaga nini?
– Zimekufa hizo, mwanangu. Nangojea tu siku ya kutupa.
– Niachie, nitapima moja moja.
– Beba yote. Lakini upimie inje, usipimie mu nyumba yenye watoto.

Ushauri mzuri, naufuata mpaka leo.

Batri ya laptopu za zamani, zile zinachomoka kwa nyuma, mara nyingi ina seli sita ndani: mbili mbili zimeshikana, halafu hizo jozi tatu zimefuatana mu mstari. Seli yenyewe ni kidude cha chuma cha mviringo, upana milimita 18 na urefu milimita 65, njo maana inaitwa 18650. Kuko pia kasakiti kadogo kanachunguza kila jozi. Jozi moja ikichoka ikabaki nyuma ya zingine, kale kasakiti kanafunga batri nzima, na batri zingine zinafungwa milele hata ukiweka seli mpya. Kufunga ni haki, mimi sibishani na usalama, seli iliyochoka ikilazimishwa inaweza kuwaka moto. Lakini baada ya kufunga hakuna njia yoyote ya kutoa ile mbovu na kubakisha nzima, ni kama kufunga shule nzima ju mwalimu mmoja ameugua. Kompyuta inakuambia tu badilisha batri, na wewe unabadilisha.

Kufungua: sitii kisu cha chuma ndani. Natumia kipande cha plastiki ngumu, napasua polepole ku mshono mpaka gamba linaachana lenyewe. Ndani unakuta vile vibati vya nikeli vimechomelewa ku seli, navivuta na koleo nikizungusha kama vile unafungua kopo ya sardini, na hapo mkono lazima utulie maana kibati kikigusa pande mbili kwa mara moja cheche zinaruka.

Kisha multimeta, kale kapimo ka umeme. Seli yenye chini ya volti 2 siijaribu hata, naweka kando moja kwa moja. Sababu: seli ikishuka sana, shaba ya ndani inaanza kuyeyuka, na ukichaji tena ile shaba inaweza kujenga njia ya mkato ndani kwa ndani. Zinazobaki nachaji polepole mpaka volti 4.2, inje, juu ya kigae, na napitisha mkono. Ikipata joto, inatoka mu mradi.

Mwezi wa tano

Zile nilizochaji nilizilaza mu kabati bila kuzigusa, sasa nimezipima tena. Hii njo mtihani naamini kuliko yote, ju seli yenye ugonjwa wa ndani inajimaliza yenyewe bila kazi. Ile imebaki ku 4.1 na zaidi ni nzima. Imeshuka sana, hapana.

Nzima nikazipimia uwezo, yaani nazimaliza taratibu kwa mzigo unaojulikana huku nahesabu. Zilipotoka kiwandani zilikuwa za mAh 2200 (mAh ni kipimo cha chaji seli inaweza kushika). Nyingi zimenipa kati ya 1600 na 1800. Sasa mutu aniambie, kitu kimebakisha robo tatu ya nguvu yake kinaitwaje kimekufa? Kwa laptopu ndiyo imechoka, sawa. Kwa taa inayokula kidogo kidogo, hii ni batri ya kifalme.

Zote nazozifungua ni za lithiamu, na nyingi za umri huu zina kobalti ndani, ile madini inachimbwa kwetu. Hapa nitakaa kidogo, maana sisi wa Katanga hii inatuhusu. Mu 1980, John Goodenough na wenzake kule Oxford walionyesha kwamba oksidi ya lithiamu na kobalti inaweza kushika volti kubwa mu batri. Akira Yoshino wa Japani akaiunganisha na upande wa kaboni ikawa salama kutumiwa, Sony ikaanza kuuza 1991, na mu 2019 hao wawili pamoja na Stanley Whittingham wakapewa Nobeli ya kemia. Ile oksidi, ukiipima, 60 kwa mia ya uzito wake ni kobalti. Na kobalti inayochimbwa duniani karibu 70 kwa mia inatoka Kongo, yaani Kolwezi, Likasi, Fungurume, njia yote ile. Inapita hapa kwetu kama unga mu mifuko mikubwa, makamyoni yanapanga mstari Kasumbalesa ku mpaka wa Zambia, inashuka mpaka bandari, inaenda kusafishwa zaidi Uchina. Inarudi ikiwa ndani ya telefone na laptopu, mara nyingi kwa mpaka uleule. Kisha inaishia mu katoni chini ya meza.

Mwaka 2025 serikali ilisimamisha kuuza kobalti inje kuanzia mwezi wa pili, na kuanzia mwezi wa kumi ikaweka kiasi maalum kwa kila kampuni. Mji mzima ulikuwa unaongea bei ya tani. Mimi nilitamani tuongee pia ile iko mu madroo yetu, imeshachimbwa, imeshasafishwa, watu wameshaumia kwa ajili yake, na bado ina nguvu.

Mwezi wa sita, baridi kali asubuhi

Taa ya kwanza imekamilika.

Onyo kwa yeyote anataka kujaribu: usichomeke seli ya lithiamu mahali pa ile batri ya risasi ukaacha chaja ya zamani. Kamwe. Chaja ya ndani ya hizi taa ni kondensa moja na dayodi nne, hakuna transfoma, na haijui kusimama. Batri ya risasi inavumilia kidogo, lithiamu haivumilii, itavimba, itawaka. Tena kwa vile hakuna transfoma, taa ikiwa imechomekwa ukagusa waya wa ndani, umegusa umeme wenyewe wa ukutani, ule wa volti 220. Mimi nakata hiyo sehemu yote natoa, na naziba yale meno ya kuchomeka ili hakuna mtu ataichomeka ukutani tena.

Pahali pake naweka kasakiti ka bluu kanaitwa TP4056, ile aina yenye ulinzi. Kanakula volti 5 za chaja ya telefone, kanasimama chenyewe ku 4.2, na seli ikishuka karibu 2.5 kanakata. Seli mbili nazishikanisha sambamba, lakini kwanza ziwe ku volti moja, bila hivyo yenye nguvu inamwagia mwenzake kwa kasi. Zile LED 24 zilizokuja na taa zinakula karibu mA 300, seli zangu mbili zina kama mAh 3400, hesabu inanipa masaa 11. Mwangaza umepungua kidogo tu ukilinganisha na mwanzo, lakini LED hazichemki, na LED isiyochemka inaishi sana.

Nikapeleka kwa mama mmoja jirani yetu hapa Katuba anauza mikate ya mafuta saa za magharibi, alikuwa anatumia buji (mshumaa) ndani ya chupa iliyokatwa. Nilidhani nimemaliza kazi, yeye akaishika, akaigeuza geuza, akasema:

– Asante mtoto wangu, inawaka vizuri. Lakini nitaishikisha wapi? Na hii swichi ni ndogo, mikono yangu iko na unga na mafuta. Na inapiga watu mu macho, mimi nataka ipige ku kikaango.

Mambo matatu kwa dakika moja. Hakuna hata moja nilikuwa nimeifikiria na hakuna hata moja kiwanda kilifikiria, na zote ni za mtu anayetumia taa kila siku. Nimeweka ndoano ya spoku ya baisikeli, swichi kubwa ya kubonyeza iliyotoka ku redio mbovu, na kifuniko cha kopo ya maziwa ya unga nimekikunja kikafunika LED kwa juu, mwanga unashuka chini. Sasa taa zote ninazofanya nafanya hivyo. Na ninampelekea yeye kwanza kila nikibadilisha kitu.

Mwezi wa saba

Tatizo la mabaki. Hili nalichukulia kwa uzito kuliko kulehemu.

Zile batri za risasi nilizotoa, watu wameniomba niziuze kwa wanaoyeyusha risasi. Nimekataa. Kule Senegali, Thiaroye karibu na Dakar, kati ya mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008 watoto 18 walikufa kwa sumu ya risasi, ju familia zilikuwa zinavunja batri na kuchekecha udongo mu uwanja wa nyumbani. Kabatri ka taa ni kadogo, lakini katoni ya tubatri twa taa sio kadogo. Nazitunza nzima, bila kupasua, mpaka nipate kampuni inayokusanya batri za magari kwa njia inayoeleweka. Seli mbovu za lithiamu nazifunga utepe ku ncha zote mbili na kuzizika mu ndoo ya chuma yenye mchanga mkavu, inakaa inje chini ya paa.

Najua ndoo yangu ni kitu kidogo. Umoja wa Mataifa ulihesabu kwamba 2022 dunia ilitoa tani milioni 62 za taka za elektroniki, na zilizokusanywa na kurejeshwa kwa njia inayojulikana ni 22.3 kwa mia tu. Kwa hiyo dawa kubwa iko kule vitu vinachorwa. Ufaransa tangu 2021 baadhi ya vifaa, kama telefone na laptopu, lazima viandikwe alama ya kuonyesha vinatengenezeka kiasi gani. Sheria ya Ulaya ya batri ya 2023 inataka kuanzia tarehe 18 mwezi wa pili 2027, batri za vifaa vidogo ziweze kutolewa na mwenye kifaa mwenyewe, isipokuwa vichache vilivyoachiliwa. Nafurahia, lakini naogopa vile vyenye gundi vitatafuta soko mahali hakuna sheria, na mahali hapo tunapajua. Ningependa kuona Kinshasa inaandika mstari mmoja tu kama huo kwa vinavyoingia Kasumbalesa. Sisi njo tunatoa kobalti, tuna haki ya kusema irudi ikiwa ndani ya kitu kinachofunguka.

Sasa hivi

Yule papa wa soko Kenya ameweka katoni ya pili, na vijana wake wawili wamejifunza kupima, wanaandika volti kwa kalamu juu ya kila seli kabla sijafika, kazi imekuwa nyepesi sana.

Kinachofuata ni gamba. Nataka kuachana na magamba ya kiwandani yaliyopasuka, nikate langu kutoka ku bidoni za njano za mafuta, ile plastiki inapinda bila kuvunjika na inashika visi vizuri. Nimechora la kwanza: visi vine, mlango wa nyuma wa kubadilisha seli bila kulehemu kwa kutumia vishikio vya springi, na shimo la chaja limeelekea chini ili mvua isiingie. Springi nzuri njo bado natafuta, zile za rimoti za zamani ni laini mno kwa seli ya uzito huu. Mwenye kujua pa kupata ngumu zaidi hapa mjini aniambie.