Ukihamishia kazi ya ujenzi kwenye jiji linalokua, bei za zamani ziache ulikotoka

Mkandarasi wa nyumba akihamia jiji linalopanuka kwa kasi, wateja hawakosi. Anachokosa ni bei iliyo sahihi. Anafika na daftari lake: zege mita moja ya ujazo kiasi hiki, ukuta mita moja ya mraba kiasi kile. Anabadilisha bei ya saruji na nondo, mengine anayaacha yalivyo, kisha anasaini mkataba. Nyumba inafika kwenye linta, boriti ya juu ya milango na madirisha, fedha imekwisha, na ukimuuliza imepotelea wapi hana jibu.

Mara nyingi imepotelea chini. Jiji linalokua humaliza ardhi nzuri kwanza. Viwanja vinavyogawiwa sasa ni vya mabondeni, kwenye machimbo yaliyofukiwa, juu ya madampo ya zamani, au kwenye udongo mweusi ambao watu waliukwepa kwa miaka. Kwa hiyo kabla ya kutaja bei, chimba. Mashimo mawili kwenye pembe zinazotazamana, kina cha mita 2 au zaidi, yanatosha kukupa picha ya kwanza kwa nyumba ya kawaida. Shimo likipita mita 1.2, kuta zake zikingwe kwa mbao kabla mtu hajaingia. Udongo wa asili hubadilika rangi taratibu kadiri unavyoshuka. Kifusi hukatika ghafla, na ukikwangua ukuta wa shimo utaona majivu, mifuko ya plastiki na vipande vya vigae. Udongo mweusi nao utautambua kiangazi kwa nyufa ambazo kidole kinaingia chote. Huo huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, na nyumba iliyokaa juu yake kwa msingi mwembamba hupasuka kuanzia pembe za madirisha. Ukikuta kimojawapo, mwite mhandisi. Usikadirie kwa jicho.

Tazama gharama yake. Nyumba ya mita 10 kwa 12 ina mita 44 za msingi wa nje. Ukiongeza mita 30 za kuta za ndani, jumla ni 74. Kila nusu mita unayozidi kushuka, kwa mtaro wenye upana wa sentimita 60, ni mita za ujazo 22 za kuchimba na mita za mraba 37 za ukuta wa msingi. Kwa tofali la milimita 440 kwa 215, hayo ni matofali 370 hivi ambayo hayakuwa kwenye hesabu. Ndiyo maana mkataba uandike kina cha msingi ulichokitolea bei, pamoja na bei ya kila mita ya ujazo itakayozidi. Mteja akikataa kipengele hicho, mwache apate mkandarasi mwingine.

Mchanga unadanganya kimyakimya. Ulikotoka ulijua mto gani una mchanga safi, huku hujui. Chukua glasi yenye pande zilizonyooka, weka mchanga mpaka nusu, ongeza maji yenye chumvi kidogo mpaka robo tatu, tikisa vizuri, kisha iache kwa saa 3. Tope litatuama juu ya mchanga kama utando wa rangi ya maziwa ya chai. Pima unene wake kwa rula. Ukizidi asilimia 8 ya kimo cha mchanga, rudisha lori. Tope huizuia saruji kushikamana na kokoto, na plasta ya mchanga huo hujaa nyufa nyembamba kama za ganda la yai.

Halafu kuna unyevu. Mchanga wenye unyevu kidogo huumuka, na ule laini unaweza kuongezeka kwa zaidi ya robo ya ujazo wake mkavu. Lori unalolipia kwa ujazo linaweza kuwa limebeba hewa. Zege la 1:2:4, yaani saruji moja, mchanga mbili na kokoto nne, linahitaji takriban mifuko 6 na nusu ya saruji ya kilo 50, mchanga mkavu mita 0.45 na kokoto mita 0.9 kwa kila mita moja ya ujazo. Ukiona mchanga unakwisha kabla ya saruji, usikimbilie kumshuku mlinzi. Anza na unyevu.

Nondo usizipime kwa macho wala kwa kibandiko. Zipime kwa mizani. Kanuni ni hii: kipenyo kwa milimita, kizidishe kwa chenyewe, gawanya kwa 162, unapata kilo kwa mita. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 iwe na kilo 10.7 hivi. Tofauti ya asilimia 4 inavumilika. Ikija na kilo 8.6, hiyo ni ya milimita 10.8 iliyovalishwa jina la 12, na umepoteza karibu moja ya tano ya chuma ambacho mhandisi alikihesabu. Sokoni ambako mahitaji ni makubwa kuliko mzigo, nondo za namna hiyo hujipenyeza kirahisi. Pima tatu kutoka kila mzigo, pale pale, dereva akiwa bado hajaondoka.

Kwa kuwa bei hupanda mfululizo, wengi hushawishika kununua mapema na kuweka akiba. Nondo sawa, zikiinuliwa juu ya magogo na kufunikwa. Saruji hapana. Hata ukiipanga juu ya mbao, mbali na ukuta, mifuko isiyozidi 10 kwenda juu, baada ya miezi mitatu nguvu yake imeshuka na utakuta mabonge yasiyovunjika kwa vidole. Saruji ya namna hiyo usiitie kwenye nguzo.

Foleni nayo ni gharama. Zege la kununua kiwandani linapaswa kumwagwa ndani ya dakika 90 hivi tangu maji yalipotiwa, na jua likiwa kali muda huo unapungua. Lori likikwama njiani linafika limekaza, na vijana hukimbilia mpira wa maji ili limwagike. Maji hayo ndiyo yanayoua zege. Soma saa ya kupakia kwenye hati ya dereva kabla hujaruhusu tone moja. Kwenye viwanja vyembamba visivyo na pa kuweka mzigo, agiza nondo zikiwa zimeshakatwa na kupindwa, na ulizia mapema saa ambazo malori makubwa yanaruhusiwa mjini. Mafundi kumi waliokaa wakisubiri kokoto mpaka saa nane mchana wamekula faida ya wiki.

Kuhusu watu, hama na wachache: msimamizi, mwashi mmoja unayemwamini, seremala wa boksi (mbao za kushikilia zege mpaka likauke) na mfunga nondo. Waliobaki waajiri huko huko, kwa sababu kila unayehama naye anahitaji pa kulala na nauli ya kwenda kuona familia, na hiyo lazima iingie kwenye bei. Fundi mpya mpe pembe ya ukuta, kozi tano (mistari mitano ya matofali), kisha weka timazi na pima maji uone kama umenyooka. Dakika 40 zinakwambia zaidi ya barua tatu za sifa. Fundi umeme na fundi bomba wawe na leseni zinazokubalika kwenye jiji hilo, maana mkaguzi akikataa kazi yao, ukuta uliokwisha kupigwa plasta utapasuliwa kwa gharama yako. Usajili wako na vibali ni vivyo hivyo: fuatilia kabla ya kuhamisha vifaa. Pango la ofisi halingoji kibali.

Mikisa ya kuchanganya zege, vaibreta ya kulishindilia, mirunda ya kuegemezea na jukwaa ndivyo vinavyojaza lori. Kifaa ambacho hukitumii walau siku moja kati ya tatu, kiuze kabla ya kuhama, ukifika ukodi. Vaibreta ndiyo pekee ningeibeba bila kupiga hesabu, kwa sababu ile ya kukodi huharibika nguzo zikiwa nusu.

Sasa fedha. Wengi huongeza asilimia 20 juu ya gharama, wakiamini wamepata 20. Gharama ya 100 ikiuzwa kwa 120, fungu lako kwenye bei ni asilimia 16.7, na humo bado ofisi, mafuta na simu hazijalipwa. Tuseme mwishowe inabaki 10. Mteja naye akizuia asilimia 10 ya malipo hadi kipindi cha matazamio kiishe, yaani muda baada ya makabidhiano ambao bado unarekebisha kasoro, faida yako yote imekaa mfukoni mwake. Omba nusu ya zuio iachiwe siku ya makabidhiano. Hesabu pia siku: ukipeleka madai mwisho wa mwezi, yakaguliwe siku 14, yalipwe siku 30 baadaye, basi mfuko wa saruji ulionunua siku ya kwanza umeubeba siku 74. Nyumba tatu kwa mpigo kwa mtaji wa nyumba moja zitasimama zote tatu. Mwaka wa kwanza chukua nyumba moja, na uzio au ukarabati wa kulipwa haraka pembeni. Kila bei unayotoa iandikwe kuwa ni halali kwa siku 14.

Na zile nyumba ulizoacha nyuma, ambazo matazamio hayajaisha? Mwachie fundi mmoja ufunguo wa stoo, rangi iliyobaki na vigae vya akiba. Bomba likivuja, atalitengeneza kwa ujira wa siku moja. Ukilifuata mwenyewe utaacha zege likimwagwa bila msimamizi.