Mvuto wa mashine za boti: kumbukumbu ya mradi wa kupima 15 na 9.9 kwa mizani

Swali la mradi: mashine mbili za farasi 15 na moja ya farasi 9.9 yenye gia nzito (inayozungusha propela polepole), ipi inavuta zaidi chombo kikiwa kizito? Mbio haziulizwi hapa. Anayekokota mashua yenye shehena, au jahazi lililokosa upepo wakati wa maleleji, hana haja ya kilomita 30 kwa saa. Anataka kilo za mvuto kwenye kamba, na kilo hizo hazijaandikwa kwenye kifuniko cha mashine yoyote. Pale pameandikwa nguvu za farasi, na farasi 15 wanaweza kuvuta vizuri au vibaya kutegemea gia na propela waliyofungiwa.

Mashine zenyewe

Karatasi za watengenezaji zinaeleza mengi ukijua pa kutazama. Yamaha Enduro 15 ni stroki mbili, silinda mbili, cc 246, gia ya 2.08: krenki (mhimili wa ndani ya mashine) ikizunguka mara 2.08, propela inazunguka mara moja. Tohatsu ya 15 ya stroki mbili ina ujazo unaokaribia huo, lakini gia yake ni 1.85, yaani propela yake inakwenda kasi zaidi kwa krenki ileile. Suzuki DF15A ni stroki nne, cc 327, gia 2.08. Yamaha T9.9 ina cc 212 tu, stroki nne, lakini gia yake ni 2.92 na inabeba propela ya kipenyo cha inchi 11¾. Za 15 nyingi hubeba inchi 9¼, pichi (inchi ambazo propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja) kuanzia 8 hadi 12.

Matokeo ya kamba yanaandikwa kwa aina ya mashine bila jina la kampuni. Mashine moja iliyotumika, yenye pete za pistoni zilizolika au kabureta chafu, haiwakilishi kampuni nzima. Anayetaka kujua kampuni ipi ni bora apime mashine kadhaa za kila kampuni, zote mpya.

Kamba, mizani na hatamu

Mizani: ya dijitali ya kuning'iniza, uwezo wa kilo 300. Ile ya tani moja inafanya kazi, ila nyingi zinaruka nusu kilo nusu kilo, na tofauti ndogo kati ya propela mbili inapotea humo. Kabla ya kuiamini, ning'iniza mifuko miwili ya saruji ya kilo 50 iliyopimwa kwanza kwenye mizani ya duka, kisha ongeza madumu ya lita 20 yenye maji. Kosa la kilo mbili kwenye 100 si tatizo mradi ni lilelile kila siku, kwa kuwa hapa tunalinganisha. Ifunge mfuko wa nailoni dhidi ya chumvi, na ikae upande wa nchi kavu, isiwe ndani ya boti.

Kamba: poliesta ya milimita 12, mita 30 au zaidi. Nailoni inanyumbuka, boti inakwenda mbele na kurudi, na namba inacheza kama pendulamu. Tena nailoni ikikatika inarudi kwa kishindo. Kamba yoyote iwayo, asisimame mtu kwenye mstari wake.

Hatamu: vipande viwili vya mita mbili na nusu kutoka pete za pande zote mbili za tezi (nyuma ya boti), vikutane nyuma ya mashine kwenye shakli (pingu ya chuma) moja ya milimita 10. Kamba ikifungwa pete moja tu, boti inazunguka upande, anayeshika usukani anaugeuza kuirudisha, na sehemu ya mvuto inapotelea pembeni. Funga maboya madogo mawili au matatu kwenye mita tano za kwanza ili kamba isizame ikaingia kwenye propela gia ikiwa huru. Kamba ya kuzimia mashine iwe kwenye kifundo cha mkono, na kisu kiwe karibu.

Mahali na maji

Vipimo rasmi vya tagi (boti za kuvuta meli), kwa kanuni za DNV, shirika la kukagua meli, vinataka kamba ya mita 300, kina cha mita 20, mkondo usiozidi maili moja ya bahari kwa saa na upepo usiozidi mita 5 kwa sekunde, mvuto ukishikiliwa dakika 10. Kwa boti ya mita tano tunachukua mantiki tu: maji yanayosukumwa na propela yasigonge ukuta na kurudi, na chini kuwe na nafasi. Kina cha mita tatu na kamba ya mita 30 vinatosha.

Urefu wa kamba una kazi ya pili. Kwetu bamvua (maji makuu) inaweza kushusha maji karibu mita nne. Mizani ikiwa juu ya gati mita nne kutoka majini na kamba ni ya mita 10, kamba inapanda kwa nyuzi karibu 24 na mizani inasoma asilimia 9 zaidi ya mvuto halisi. Kwa mita 30 kosa halifiki asilimia moja. Zaidi ya hapo, kamba inayopanda inanyanyua tezi, propela inakaribia uso wa maji na kuanza kunyonya hewa. Pima siku za maji mafu (yanayopanda na kushuka kidogo), wakati maji yamesimama kati ya kujaa na kupwa, asubuhi kabla upepo haujaamka. Mkondo ukiwepo hata kidogo, pima boti ikielekea upande mmoja kisha ikielekea wa pili, uchukue wastani.

Hesabu kabla ya kuvuta

Hapa ndipo mabishano mengi ya ufukweni yangeishia. Mvuto wa juu kabisa ambao propela ya wazi inaweza kutoa boti ikiwa imesimama unapatikana hivi: zidisha 2 kwa 1,025 (kilo za mita moja ya ujazo ya maji ya bahari), kwa eneo la duara la propela katika mita za mraba, kwa kipeo cha pili cha nguvu katika wati, kisha tafuta kipeuo cha tatu. Jibu ni nyutoni. Gawanya kwa 9.81 upate kilo.

Mashine ya 15 ni wati 11,000. Propela ya inchi 9¼ ni milimita 235, eneo lake mita za mraba 0.0434. Jibu: nyutoni 2,208, sawa na kilo 225. Mashine ya 9.9 ni wati 7,280. Propela ya inchi 11¾ ni milimita 298, eneo 0.0699. Jibu: nyutoni 1,966, sawa na kilo 200.

Yaani mashine yenye theluthi mbili tu ya nguvu inabaki nyuma kwa asilimia 11 peke yake, na hapo tumeipa ile ya 15 upendeleo wa kufikia nguvu zake zote. Boti iliyofungwa haifiki huko. Propela kubwa inashika maji mengi na kuyasukuma polepole. Ndogo inashika machache na kuyatupa kwa kasi, na nguvu inaishia kwenye povu.

Hesabu hiyohiyo inaonyesha jambo jingine: ukiongeza nguvu mara mbili kwenye propela ileile, mvuto unapanda mara 1.59 tu. Mashine mbili za 15 zenye propela zao zinavuta kuliko moja ya 30 iliyofungwa propela ya kipenyo kilekile.

Kilo hizo ni dari. Propela halisi hutoa kama nusu yake, au zaidi kidogo. Kwa ya 15, tegemea kilo 100 hadi 125 ikiwa imefungwa propela inayoifaa. Ikisoma chini ya 90, usilaumu chapa. Kagua plagi, kompresheni na raba ya ndani ya propela.

Mivuto ya kwanza

Utaratibu wa kila mashine: ipashe moto dakika tano kwa mzunguko wa chini, hakikisha maji ya kupozea yanatoka kwa nguvu, nyoosha kamba taratibu, kisha fungua mafuta hadi mwisho. Sekunde 10 za kwanza hazihesabiwi, zina mshtuko wa kamba. Andika wastani wa sekunde 10 hadi 40, kisha rudisha chini, iache ipoe. Usishikilie dakika kadhaa: mashine inabeba mzigo mzito kwa mizunguko michache, na stroki mbili haipendi hali hiyo. Mafuta ni petroli ya siku hiyohiyo. Kwa stroki mbili ya kuchanganya 50 kwa 1, ni mililita 400 za oili kwa lita 20.

Takometa (kihesabu mizunguko) ya kuzungusha waya kwenye plagi ni ya lazima, maana kilo bila mizunguko hazielezi kitu. Angalia mpangilio wake. Stroki mbili huwasha plagi kila mzunguko. Stroki nne ingetosha kuwasha kila mizunguko miwili, lakini nyingi ndogo huwasha kila mzunguko. Ukikosea unasoma 9,600 au 2,400 mahali pa 4,800.

Ya 15 stroki mbili yenye propela ya pichi kubwa, ile ya boti nyepesi za kukimbia, haikufika hata mwanzo wa eneo lake la mizunguko 4,500 hadi 5,500 kwa dakika. Ilinguruma, ikatoa moshi, na mvuto ukabaki chini ya nusu ya hesabu. Kwa pichi 8 mashine ileile ilipanda hadi ndani ya eneo lake, na kilo zikapanda nayo. Kubadilisha propela tu, bila kugusa kabureta, kulileta tofauti kubwa kuliko tofauti kati ya mashine mbili za 15. Stroki nne ya 15 ilikaribiana nayo zote zikiwa na pichi 8. Ilichozidi ni utulivu wa namba na sauti ndogo.

Ya 9.9 yenye gia nzito ilisimama bega kwa bega na za 15 zenye pichi 8, na kuzipita waziwazi zilipofungwa pichi kubwa. Ilifika mizunguko yake bila kuhangaika, na povu nyuma lilikuwa dogo.

Vinavyopotosha namba

Bapa lililo juu ya propela linatakiwa liwe sawa na chini ya boti au sentimita mbili tatu chini yake. Mashine ya shina fupi (inchi 15) kwenye ubao wa tezi wenye kimo cha inchi 20 itanyonya hewa: mizunguko inapaa ghafla huku kilo zikianguka. Mizunguko ikipaa bila sauti ya kunyonya hewa, shuku raba ya propela imeachia. Chora mstari wa rangi kutoka kitovu hadi kwenye mhimili wake, uone kama imehama baada ya mvuto.

Pini ya mwinamo iwekwe ili mhimili wa propela ulale sambamba na maji. Propela inasukuma ikiwa chini na kamba inavuta kutoka juu, hivyo omo (mbele ya boti) inanyanyuka na tezi inazama. Msaidizi akae katikati, palepale kwa kila mashine, na tangi lisihamishwe.

Namba za pwani zisihamishiwe Mwanza zilivyo. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 12, nguvu inapungua kwa kiasi hicho, na mvuto kwa kama asilimia 8. Maji yasiyo na chumvi nayo yanakula chini ya asilimia moja. Anayepima kule achague pichi ndogo zaidi ya ya pwani.

Kinachofuata

Mvuto wa kusimama ni nusu ya jibu, kwa sababu mvuto unashuka kadiri chombo kinavyokwenda. Ya 15 kwa mizunguko 5,000, gia 2.08 na pichi 8, propela yake ingetembea kilomita 29 kwa saa kama maji yangekuwa magumu; ya 9.9 kwa gia 2.92 na pichi hiyohiyo, kilomita 21. Kwa hiyo ya gia nzito itachoka mapema zaidi kasi ikipanda. Hatua ijayo ni kukokota mashua ileile, yenye mzigo uleule wa mifuko ya mchanga, kwa kilomita 4, 6 na 8 kwa saa, mizani ikiwa katikati ya kamba, GPS ikisoma kasi kwa kwenda na kurudi, na mafuta yakipimwa kwa chupa ya mililita badala ya tangi. Kabla ya hapo inahitajika propela ya pichi 7 kwa ya 15, kama itapatikana dukani, na shakli ya pili inayozunguka ili kamba isijisokote kwenye mizani.