Matone ya presha ya macho hayakurudishii kuona, ndo maana watu wanayaacha

Tangu mjomba aambiwe ana glakoma, yaani presha ya macho, kila mtu kwenye ukoo kawa daktari. Sasa naandika hapa tuelewane.

Kwanza huu sio mtoto wa jicho jamani. Mtoto wa jicho lenzi inaingia ukungu, unafanyiwa oparesheni unawekewa lenzi nyingine unaona tena, ndo zile hadithi za bibi aliyefunguliwa bandeji akaanza kuwataja wajukuu. Glakoma inaua neva inayopeleka picha kwenye ubongo, na ikishakufa imekufa, hakuna miwani, oparesheni wala mizizi ya kuirudisha.

Halafu haiumi, na mara nyingi kuona kunaanza kupotea pembeni. Mjomba anauza dagaa mwaloni Kirumba, Mwanza, namba ya boti anaisoma ikiwa bado iko mbali majini, ila alikuwa anajikwaa kwenye ndoo zilizo miguuni pake kabisa, na ngazi za mawe za kule kwake mlimani akawa anazishuka kwa kupapasa na mguu. Watu wakasema uzee. Na wala mwenyewe haoni giza pale pasipoona, maana ubongo unajaziajazia penye pengo. Alienda kutafuta miwani ya kusomea tu, wakampima presha ya jicho ikasoma 34 wakati kawaida ni kama 10 hadi 21, wakamwekea kile kipimo unachungulia ndani ya bakuli jeupe na kila ukiona kimwanga unabonyeza kitufe. Karatasi ikatoka upande wa chini wote mweusi tii. (Na wapo ambao presha iko kawaida na neva inakufa vilevile, kwa hiyo lazima neva yenyewe iangaliwe.)

Akapewa matone. Baada ya muda akayaacha, eti "mbona sioni tofauti?" Mjomba, hutaiona! Kazi ya dawa ni kushusha presha ili kilichobaki kisiondoke, sasa utakionaje kitu ambacho hakijatokea? Na chupa sio bei ya mchicha, namwelewa, lakini ukiacha presha inapanda kimyakimya na wala hutajua. Ukitia, tone moja linatosha, funga jicho, bana kwa kidole ile kona ya karibu na pua dakika moja mbili dawa isikimbilie kooni. Kama una pumu sema mapema, timolol, mojawapo ya matone hayo ya kushusha presha, inaweza kukubana kifua vibaya. Na yale matone yenye steroidi mnayonunua duka la dawa kila jicho likiwasha, ukiyatumia muda mrefu yenyewe yanaweza kupandisha presha.

Kuna aina nyingine inakuja kwa fujo, jicho jekundu, maumivu makali, kutapika, unaona duara za rangi kwenye taa. Hiyo ni hospitali siku hiyohiyo, usisubiri kuche.

Sisi Waafrika inatupata mapema na kwa ukali zaidi, na ndugu wa tumbo moja na watoto wa mgonjwa ndo wako hatarini kuliko wengine. Kwa hiyo mama, na wewe mama mdogo wa Sengerema, nyie mmezaliwa tumbo moja na mjomba, twendeni hospitali ya Bugando mkapimwe. Na mama mdogo usinambie habari za foleni ya kivuko, daraja la Busisi lishafunguliwa.