Herufi C imeenda wapi

Jana mtoto wa dada kaja kwangu hapa Nkuhungu, kaivuta laptop yangu, kaikagua weee, halafu kaniuliza, "Mjomba, hii herufi imeenda wapi?" Kuangalia, ni C. Imefutika yote, kimebaki kitufe cheusi kinang'aa kama kimepakwa mafuta.

Nikakumbuka ule usiku wa meseji.

Ilikuwa mwezi wa saba, ile baridi ya Dodoma yenye upepo na vumbi, nimebaki ofisini peke yangu na skripti ya bash, yaani orodha ya amri za kompyuta, niliyoiandika mwenyewe, najiona fundi kweli. Inapiga ping tawi moja moja, yaani inaliuliza "upo?" kwa mtandao, Kondoa, Mpwapwa, Kongwa, Manyoni, lisipojibu inamtumia bosi meseji kwa modemu, ikimaliza inaanza upya, haina mwisho. Saa tano usiku Mpwapwa ikakata, meseji zikaanza kwenda, nikasema ngoja niizime kwanza kwa vitufe vya kukatiza programu. Kontroli C.

Ping ikamwaga hesabu zake, paketi ngapi zimetoka ngapi zimerudi, nikashusha pumzi. Mara mstari mpya: Kongwa. Nikabonyeza tena. Manyoni. Tena. Kondoa. Vidole vya baridi, kioo kimejaa ^C ^C ^C kama mtoto anajifunza kuandika, na nikiikata ping kabla haijapata jibu lolote skripti inahesabu tawi limekufa, meseji hiyoo. Yaani mimi ndo nilikuwa namtumia bosi! Kwa kiherehere nikachomoa kebo ya mtandao. Weuwee. Matawi yote yakafa kwa mpigo.

Simu ikaita. "We kijana, nchi imepinduliwa?"

Mlinzi, mzee wetu wa Kigogo, akachungulia mlangoni na koti lake, "Mbukwenyi. Mbona unaipiga hiyo mashine?" Sikumjibu hata salamu, nikang'oa modemu.

Kesho yake kaka mmoja wa mitambo akanielewesha huku anacheka. Kontroli C inatuma signali ya SIGINT, ya kusema acha, inawafikia wote, bash anayeendesha skripti na ping, ila ping anaikamata, anafunga hesabu zake na kutoka kwa adabu, hajafa. Bash anasubiri, akiona mwenzie katoka mwenyewe anajua aah, kumbe haikunihusu, anaendelea na tawi linalofuata. Dawa yake mstari mmoja juu kabisa ya skripti, trap 'exit 130' INT, yaani signali hiyo ikija skripti yote itoke, hiyo 130 ni 128 jumlisha 2, namba ya signali yenyewe. Tena ningebonyeza tu kontroli Z kuisimamisha, halafu kill %1 kuiua, yangeisha, ila saa ile nani alikuwa anajua.

Bosi hakuniongelesha wiki nzima, na ile salamu ya mzee nilikuja kuiitikia baadaye sana.

Mtoto bado kanikodolea macho anasubiri jibu. Na ukweli usiku ule sikutumia laptop hii, ilikuwa kibodi ya seva. Hii C nimeifuta mwenyewe miaka iliyofuata, maana mpaka leo, hata ikikubali mara ya kwanza, naibonyeza mara tatu.