Siku nilipomtoa mama wa Kigoma ndani ya simu

Mwaka 2017 nlikuwa na studio ya chumba kimoja pale Tandika, Temeke, ukutani tumebandika magodoro, FL Studio 12, programu ya kutengenezea muziki, kwenye kompyuta ya mezani, spika mbili na hedifoni, kazi nyingi zikiwa za madogo wa mtaani wanaotaka bit na miksi vyote siku hiyo hiyo. Sasa kuna dogo mmoja alikuwa na wimbo kuhusu mama yake aliyebaki Kigoma, na kwenye beti ya tatu alitaka mama mwenyewe aongee, sio aimbe, aongee tu kama kampigia simu mwanae. Mama kwa bahati alikuwa kaja Dar na treni, kuna harusi Mbagala, basi dogo akamleta. Nikamwamkia, akaitikia, nikamkalisha mbele ya maiki na kanga yake begani, akaongea mwanzo mwisho bila karatasi. Mwanangu umekula, mahindi tumeshavuna, bati la jikoni bado linavuja, wadogo zako kila siku wanakuulizia, halafu akamalizia njoo basi nikuone. Sikumrudia kumrekodi, kitu kama kile hakitoki mara mbili.

Dogo alichotaka ni hivi: mama aanze akiwa kwenye simu kabisa, ile sauti nyembamba inayotoka mbali, halafu kadiri anavyoongea atoke mdogo mdogo mpaka akifika njoo basi nikuone awe kakaa hapo hapo pembeni ya msikilizaji. Mimi wazo lile lilinikamata palepale. Kuna watu wangesema kata sauti vipande viwili, cha kwanza weka efekti ya simu cha pili usiweke, yaishe. Lakini ukifanya hivo msikilizaji anasikia mkato, hasikii mtu anasogea, na beti nzima ilikuwa imesimamia pale kwenye kusogea.

Sauti ya simu yenyewe haina maajabu. Simu ya kawaida inapitisha kuanzia kama Hz 300 mpaka Hz 3,400 basi (Hz ndogo ni sauti nene, Hz kubwa ni sauti nyembamba), wakati sikio zima la binadamu linafika Hz 20 kwa chini na Hz 20,000 kwa juu, ndo maana kwenye simu s na f zinakaribia kufanana na sauti ya mtu inakosa kifua. Kwa hiyo unahitaji filta mbili, moja inakata chini na nyingine inakata juu. Nikafungua Fruity Parametric EQ 2, plagini ya FL ya kupandisha na kushusha sehemu za sauti, ile ina bendi 7, ya kwanza nikaigeuza hai pasi, yaani inayokata chini, nikaiweka Hz 300, ya mwisho nikaigeuza lo pasi, inayokata juu, nikaiweka Hz 3,400, zote mteremko mkali, maana mteremko ukiwa mlegevu haisikiki simu, inasikika miksi mbovu tu. Katikati hapo karibu na Hz 1,500 nikapandisha kidogo ipate ule ukali wa kispika kidogo. Nikaplei. Mama akashtuka kwenye kiti akasema eeh, mbona niko Kigoma tena, dogo akacheka sana.

Sasa otomesheni, yaani nobu, kile kitufe cha kuzungusha, kijizungushe chenyewe wimbo ukienda. Kwa wasiojua, kwenye FL ukibofya kulia karibu nobu yoyote, hata ya plagini za FL yenyewe, inakuletea menyu, unachagua itengeneze klipu ya otomesheni, klipu inakaa kwenye plailisti, ule ubao wa kupangia wimbo, chini ya wimbo ikiwa na laini, laini ikipanda nobu inapanda, ikishuka inashuka. Nikatengeneza mbili, moja ya filta ya chini moja ya filta ya juu. Maneno ya mama yalikuwa yamekaa ndani ya baa 8 za mapigo manne manne, wimbo ulikuwa BPM 96, yaani mapigo 96 kwa dakika, ukipiga hesabu ni sekunde 20 kamili. Kawaida unaanza na laini iliyonyooka ndo usikilize inahitaji nini, basi nikavuta moja kutoka Hz 300 kushuka mpaka 20, nyingine kutoka 3,400 kupanda mpaka 20,000, zinaanza pamoja zinamaliza pamoja. Kwa macho ilikuwa safi kabisa.

Tukasikiliza. Dogo akasema kali bro, tumemaliza. Mama alikuwa kanyamaza, nikamuuliza, mama unaonaje? Akaniambia, "Baba, mbona umenitoa kama mtu kapiga mlango teke? Nimefika kabla sijasema la bati, halafu baada ya hapo nimekaa tu."

Aisee. Mama yule hajawahi kuingia studio maisha yake na kasikia kitu ambacho mimi na dogo tuliobobea kwenye spika tulikuwa tunakipita. Nikarudisha, nikawasha macho kwenye ile rangi ya EQ inayoonyesha sauti inawaka wapi, na jibu lilikuwa pale pale. Sauti ya mama kwa chini ilikuwa inaanzia karibu na Hz 180, chini ya hapo hakuna kitu chake, ni giza. Sasa kutoka 300 kwenda 20 ni karibu oktavu 4, oktavu moja ni Hz kupungua nusu au kuongezeka mara mbili, na ile nobu inatembea kwa oktavu, haitembei kwa Hz, kwa hiyo laini iliyonyooka inamaliza oktavu ya kwanza, 300 mpaka 150, kwenye sekunde 5 za mwanzo. Kifua chote cha mama kilikuwa kimesharudi muda huo! Zile sekunde 15 zilizobaki filta ilikuwa inafungua mahali ambapo mama hayupo. Na kule juu vilevile, ikishafika kama Hz 8,000 ambako s na sh zake zilikuwa zinawaka, ni nusu ya safari tu, nusu iliyobaki inafungua hewa tupu. Kwa hiyo kwenye skrini mama alikuwa anatoka sekunde 20 lakini masikioni alikuwa ameshatoka zamani.

Nikabadilisha mipaka kwanza. Filta ya chini iishie Hz 120, chini ya hapo hatuna shida napo na tena kuna besi ya bit inahitaji nafasi yake. Ya juu iishie Hz 12,000. Halafu nikamwambia mama, naomba usikilize tena bila efekti yoyote, na pale unapoona wewe mwenyewe ungeanza kusogea nyanyua mkono, pale unapoona umefika nyanyua tena. Mama akafumba macho. Kwenye umekula hakunyanyua, kwenye mahindi hakunyanyua, kwenye bati linavuja akanyanyua kidogo, nikaweka pointi. Kwenye wadogo zako akanyanyua zaidi. Na akaniambia kitu, kwamba nisimfikishe kwenye njoo, nimfikishe kabla kidogo, maana mtu akishafika ndo anasema njoo nikuone. Sikubishana nae hata kidogo. Pointi ya mwisho nikaisogeza kwenye ile pumzi anayovuta kabla ya njoo.

Katikati ya pointi na pointi kuna kile kiduara cha kupindisha laini, ukikivuta laini inajikunja, inaanza polepole halafu inaongeza mwendo. Hapo ndo nilikaa sana. Ukipindisha sana unasikia filta inapiga wiiip, ule mlio wa madisko, na mama wa watu sio disko. Ukipindisha kidogo sana anarudi kule kwa teke. Nikawa nashika klipu moja nasikiliza nafumba macho, nashika nyingine, mpaka nikaacha kuisikia filta nikawa namsikia mama.

Kulikuwa na mambo mengine mawili matatu ambayo lazima yatembee na filta la sivyo haikai. Sauti ikifunguka inakuwa kubwa, maana kuna nguvu imerudi chini na juu, kwa hiyo nikaweka klipu ya tatu kwenye volyumu inashuka kama desibeli 3 wakati filta zinafunguka, mtu asogee karibu sio apige kelele. Klipu ya nne kwenye nobu inayopeleka sauti kwenye riverbu, ule mwangwi wa chumba, nilitumia ya chumba kidogo, inaanza sifuri kwa sababu kwenye simu mtu hana chumba, halafu inapanda kidogo mwishoni. Na pointi ya mwanzo kabisa wa wimbo nikaiweka pia, kwa sababu kwenye FL nobu inabaki pale ilipoachwa, ukisimamisha mwishoni ukaplei tena kutoka katikati mama anaanza akiwa ameshatoka kwenye simu, na unaweza kuchanganyikiwa unatafuta tatizo ambalo halipo.

Tukaplei yote. Mama akasikiliza mpaka mwisho akasema, "Sasa hapo ni mimi nakuja." Dogo hakusema kitu, alikuwa anaangalia chini.

Nikataka kuekspoti, mama ndo akauliza, na kwenye simu yangu itasikika hivi? Ana kasimu ka batani na memori kadi, spika nyuma. Swali la msingi kuliko yote aliyouliza, kwa sababu wasikilizaji wetu wengi wako huko huko. Nikaweka mp3 kwenye kadi tukasikiliza. Kispika kile kwa chini hakina kitu, kwa hiyo kifua chote nilichokirudisha kwa uangalifu hakikusikika, mama alibaki nusu ndani ya simu. Kilichokuwa kinambeba ni kule juu tu na ile riverbu. Basi nikarudi nikaisogeza klipu ya filta ya juu ianze mapema kidogo kuliko ya chini, pale kwenye mahindi, na riverbu nikaongeza nukta kidogo. Kwenye spika kubwa haikuharibu kitu, kwenye batani mama akatoka. Nikaekspoti wav biti 24 kwa ajili ya dogo, mp3 ya 320 nikaiacha kwenye kadi ya mama akaondoka nayo, treni yake ilikuwa siku inayofuata.