Goli la jirani

Jana nilisikiliza mpira kwa simu kupitia intaneti, jirani akiwa na redio yake ya betri. Kwangu mpira bado uko katikati ya uwanja, kwake watu wameshashangilia goli! Sauti ya intaneti huchelewa, wakati mwingine hata nusu dakika, na kwenye mpira nusu dakika ni nyingi.

Halafu kuna bundle. Sauti ikija kwa kasi ya kilobiti 64 kwa sekunde, saa moja inakula karibu MB 29. Kwa kilobiti 128 ni mara mbili. Redio ya betri haikuulizi salio.

Kwa hiyo wanaosema redio iache mawimbi na sote tuhamie mtandaoni wanakimbia mno. Hata Norway ilihamisha stesheni zake za kitaifa kutoka FM kwenda DAB mwaka 2017, yaani redio ya kidijitali inayorushwa kwa mawimbi, siyo intaneti, lakini stesheni nyingi ndogo za mitaani zilibaki kwenye FM.

Ninachokitaka mimi mtandaoni ni kile ambacho mawimbi hayawezi: kipindi nilichokikosa saa nne asubuhi nikisikie usiku nikiwa jikoni. Kikatwe vizuri, kiwe na kichwa kinachoeleweka, faili iwe nyepesi ya kupakua. Siyo saa tatu nzima zenye matangazo ya biashara ya asubuhi ile.

Salamu za redioni zenyewe zilishahama zamani. Kadi za salamu zimekuwa meseji, sasa ni sauti za WhatsApp. Ila jamani watangazaji, msitusomee komenti robo saa nzima, tuwekeeni muziki!